Acheni Kutuchezesha Karata

Kila Jumatatu ya pili, saa tatu na nusu asubuhi, mtu huturushia kiungo kwenye kikundi cha kazi na sote tunakibofya. Meza ya kijani inafunguka kwenye skrini. Majina yetu manane yameizunguka, kila jina na karata yake imelala kifudifudi. Chini kuna safu ya namba: 0, ½, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20, 40, 100. Mwishoni kabisa kuna alama ya kuuliza na kikombe cha kahawa. Meneja anasoma kazi ya kwanza: mtumiaji aweze kubadilisha nywila yake. Haya, chagueni.

Watu wasiofanya kazi kwenye vyumba hivi wakisikia kwamba tunacheza poka ofisini hudhani tunalipwa kustarehe. Mamangu alipoisikia aliniuliza kama kuna pesa mezani. Nikamwambia la, mama, tunakisia tu kazi itakuwa kubwa kiasi gani, ndipo ipangwe. Akafikiri kidogo, mkono shavuni.

"Na mkikisia vibaya, anayelipa ni nani?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilibadilisha mada, nikamwuliza kuhusu mahindi. Sasa naandika makala haya kumjibu, na kuwaambia wakubwa wa ofisi zetu za programu, kuanzia Westlands hadi Ngong Road na kwingineko, jambo ambalo tunalinong'onezana kwenye foleni ya chai na hatulisemi mkutanoni. Acheni kutuchezesha karata hivi mnavyotuchezesha.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Huitwa poka ya mipango. Kazi inasomwa, kila mtu anachagua kimya namba inayoonyesha anavyouona uzito wake, halafu karata zinafunuliwa zote kwa pamoja. Zikilingana, mnaendelea. Zikiachana, aliyetoa namba ndogo kuliko wote na aliyetoa kubwa kuliko wote wanaeleza sababu zao, kisha mnapiga tena. Namba hizo si saa wala siku. Ni pointi, kipimo cha kulinganisha tu: kazi ya 8 ni nzito kuliko ya 5, basi. Na zinazidi kuachana kadiri zinavyopanda kwa sababu ambayo hata mtoto anaielewa. Mawe mawili kiganjani utajua lipi zito. Vilima viwili ukivitazama kwa mbali, nani atakwambia kimoja kimekishinda kingine kwa tani moja?

Safu yenyewe imetolewa, kwa kukarabatiwa kidogo, kwa Fibonacci wa Pisa, aliyeandika kitabu chake cha hesabu mwaka 1202 baada ya kujifunza namba za Kihindi na Kiarabu akiwa kijana kule Bugia, pwani ya Algeria. Kwa hivyo sitaki mtu aniambie napinga hesabu za wageni. Hesabu zilipita kwetu zikielekea kwao. Ugomvi wangu ni na matumizi. Chombo hiki kilibuniwa kumlinda mtu anayeona kitu ambacho wenzake hawajakiona. Sisi tumekigeuza kuwa tochi ya kummulika mtu huyo, tumwone vizuri, tumcheke, kisha tumnyamazishe.

Turudi nyuma kidogo, maana wengi wanaoendesha mchezo huu hawajui ulikotoka. Katika miaka ya 1950, watafiti wa shirika la RAND kule Marekani walikuwa wakitafuta njia ya kuwauliza wataalamu maswali ambayo hayana jibu la hakika. Waliona kuwa ukiwakalisha mezani pamoja, mwenye cheo na mwenye sauti nene wanawameza wengine. Wakatunga mbinu waliyoiita Delphi: kila mtaalamu anaandika makisio yake peke yake, bila jina, yanakusanywa, yanarudishwa kwa wote, kisha wanaandika tena. Katika miaka ya 1970 Barry Boehm na wenzake wakaichukua mbinu hiyo wakaiingiza kwenye kazi ya programu, wakaongeza mazungumzo kati ya duru moja na nyingine. Fomu, hata hivyo, zikabaki bila majina.

Halafu mwaka 2002 akaja James Grenning, mmoja wa wale 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001, wakaandika tangazo la ajaili. Yeye alichoshwa na mikutano ya mipango ambamo watu wawili wanabishana na wengine wanasinzia. Akawaza: kila mtu ashike kikaratasi, aandike namba yake, tufunue pamoja. Mwaka 2005 Mike Cohn akaueneza mchezo huo kupitia kitabu chake cha kukadiria na kupanga, na leo uko kila mahali, umegeuzwa kuwa programu ya kivinjari yenye meza ya kijani.

Sasa tazameni kilichodondoka njiani. Kule RAND, na hata kwa Boehm, jina halikuwekwa. Katika poka, karata ikishafunuliwa, jina liko pale juu yake. Kwa Grenning pengine halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa alikuwa akikaa na watengenezaji wenzake. Lakini mlete mtu huyo kwenye ofisi yetu, ambapo aliye mkononi mwa mkataba wa miezi sita ameketi meza moja na anayeutia sahihi mkataba huo, halafu mwambie "kuwa huru." Uhuru gani, bana?

Kilichobaki kwenye mchezo ni ule wakati mfupi wa giza kabla ya kufunua. Wakati huo mfupi una thamani kubwa. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo kila Mwafrika angefaa kulijua, maana sisi ndio tuliokuwa swali lenyewe. Waliwazungushia watu gurudumu la bahati lenye namba kuanzia 0 hadi 100. Gurudumu lilikuwa limechezewa, halisimami ila kwenye 10 au 65. Kisha wakawauliza: ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ni za Afrika? Kati ya walioangukiwa na 10, jibu la katikati lilikuwa 25. Kati ya walioangukiwa na 65, lilikuwa 45. Gurudumu la kubahatisha, lisilojua lolote kuhusu Afrika, liliivuta akili ya mtu kama ndoo inavyovutwa na kamba.

Ukidhani hayo ni mambo ya maabara, fungua simu yako utazame kikundi cha kamati ya harusi. Wa kwanza akiandika "1. Uncle 5,000," wa pili ataona haya kuandika 500. Wa kwanza akiandika 300, hata mwenye pesa ataandika 500 na kujiona mkarimu. Kila mweka hazina mjanja anajua hili. Ndiyo maana humpigia simu kwanza yule mjomba wa Nairobi, ndipo aitume orodha. Namba ya kwanza ndiyo inayotawala kikao.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza kabisa ya poka ni kwamba hakuna namba inayotamkwa kabla karata hazijachaguliwa. Hata dokezo. Na kanuni hiyo ndiyo inayovunjwa kila Jumatatu na mtu mmoja: meneja ambaye hana karata lakini ana mdomo.

Niwaeleze kilichotokea kwetu. Ofisi sitaitaja, na wahusika wakijisoma humu watajijua.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa karo. Mzazi alipe kwa simu, akaunti ya mwanafunzi ionyeshe mara moja kuwa imelipwa, na mhasibu wa shule asihangaike na risiti. Ilikuwa Oktoba na mfumo ulitakiwa uwe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari. Meneja akasoma kazi: pesa zikishalipwa, mfumo upokee uthibitisho na uiandikie akaunti. Kisha, kabla hata hatujagusa karata, akaongeza, "Hii ni kitu kidogo. Si ni kupokea ujumbe tu?"

Hapo gurudumu likawa limeshazungushwa.

Tulichagua. Karata zikafunuka. Tano zilikuwa 3, yangu ikiwemo. Moja ilikuwa 2, moja 5. Na pale kwenye kona, juu ya jina la binti wa majaribio aliyekuwa nasi kwa miezi minne tu, kulikuwa na 13.

Kwa mujibu wa mchezo, huo ndio wakati wenye faida kuliko wote. Mtu mmoja ameona kitu. Nyamazeni, msikilizeni. Badala yake kukawa na kile kicheko cha mikutano ya mtandaoni, cha watu kuwasha maikrofoni ili wacheke wasikike. Meneja akasema, "Haya dada, tueleze. Kumi na tatu ya nini?"

Akaeleza, kwa sauti ndogo lakini kwa mpangilio. Mzazi akishaweka namba yake ya siri, alisema, pesa zinatoka kwake papo hapo. Uthibitisho haurudi kwa njia ileile. Unakuja baadaye, kivyake, kama barua, na sisi tunatakiwa tuwe nyumbani mlango ukibishwa.

"Na jibu lisipokuja?" akauliza. "Au likija wakati mfumo wetu umezimika? Au likija mara mbili? Lazima tuwe na njia ya kwenda kuuliza wenyewe, na njia ya kutambua malipo yaleyale yakirudi. Na lazima nijaribu yote hayo."

Meneja akasema, "Litakuja."

Kicheko tena. Na hapa ndipo naona aibu kuandika, lakini bila hapa makala haya yatakuwa ya mnafiki. Mimi ndiye niliyekuwa mkongwe wa timu. Nilijua alichosema ni kweli, maana nilishawahi kuumwa na nyoka huyohuyo kwenye kazi nyingine. Lakini kulikuwa na kazi 19 zaidi za kukadiria, ilikuwa inakaribia saa tano, na nilitaka chai. Nikasema, "Wewe nawe, wacha kutisha watu. Weka tano twende."

Tukapiga tena. Akaweka 5. Wote tukaweka 5. Programu ikafurahi, ikamwaga vipande vya karatasi za rangi kwenye skrini nzima kama tumefunga ndoa, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa: ikiona namba zimelingana inadhani watu wamekubaliana.

Tangu siku hiyo jina lake ofisini likawa Bi Kumi na Tatu. Utani tu, tulisema. Naye alijifunza haraka. Baada ya wiki chache niligundua kwamba karata yake haitofautiani tena na ya wengi. Alikuwa akisubiri. Programu huonyesha nani ameshachagua, na yeye siku zote alikuwa wa mwisho, akisikiliza kwanza meneja anavyopumua.

Januari ikafika. Siku ya kufungua shule, mashine yetu ilizidiwa, ikajizima, ikawashwa upya, ikajizima tena. Karibu saa mbili hivi majibu yalibisha mlango na hapakuwa na mtu nyumbani. Pesa za wazazi zilikuwa zimetoka. Akaunti za watoto zilisema bado. Hatukuwa na njia ya kwenda kuuliza wenyewe, kwa sababu kazi ya pointi 5 haikuwa na nafasi ya mambo hayo.

Siku hiyo mimi nilisaidia kupokea simu. Mama mmoja alipiga akiwa langoni mwa shule ya bweni. Alikuwa amelipa, mfumo ukasema bado, mhasibu akakataa kumpokea mtoto, basi akakopa kwa simu akalipa tena. Bado. Nyuma yake nilisikia kijana akimwambia, "Mathe, turudi tu nyumbani." Pesa zake alirudishiwa baada ya siku kadhaa. Riba ya mkopo hakurudishiwa na mtu. Mamangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Anayelipa ni mama mwenzako, aliyesimama langoni na sanduku la mtoto, ambaye hajawahi kusikia neno poka maishani mwake.

Kikao cha kutafuta chanzo kikaitwa. Meneja akafungua rekodi, akasoma kwa sauti: pointi 5, timu nzima ilikubaliana. Ile 13 haikuwepo popote. Programu ilikuwa imehifadhi namba ya mwisho na kutupa zilizotangulia. Swali la "jibu lisipokuja" halikuandikwa mahali. Kilichoonekana kwenye rekodi ni kwamba kitu kilivunjika, na kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kujaribu vitu visivunjike. Mkataba wake ulipokwisha Machi haukuongezwa. Nami nilikaa kwenye kikao kile nikitazama meza. Nilifungua mdomo mara moja, kuomba chaja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sidai kwamba karata ndizo zilizomfukuza binti yule. Karata ni karata. Waliomfukuza ni watu, nami nikiwa mmoja wao. Ninachodai ni kwamba mchezo huu, jinsi unavyochezwa kwetu, unawapa watu waoga mahali pazuri pa kujificha. Uamuzi wa meneja unaingia ukiwa umevaa nguo za timu. Kabla ya poka, bosi alisema "nataka ndani ya siku tatu," nasi tukajua ni yeye amesema. Baada ya poka, anatuzungushia gurudumu, tunasema wenyewe, halafu anatukumbusha kwamba ni sisi tuliosema.

Baba yangu alipiga foleni mwaka 1988, kwenye mchujo wa KANU wa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya mgombea au picha yake mchana kweupe, chifu akitazama. Anasimulia kwamba mgombea aliyempenda alikuwa na foleni ya watu wachache, na kila aliyetaka kujiunga nayo aliangalia kwanza nani anamwona. Yeye mwenyewe alisimama kwenye foleni ndefu. Alikuwa na duka dogo na leseni ilikuwa inakaribia kwisha. Mchujo ule, ambapo aliyepita asilimia 70 alipita bila kupingwa, umebaki mdomoni mwa Wakenya kama mfano wa kura isiyo kura, na tulipiga kelele hadi ukaondolewa. Hakuna aliyesema wananchi wa 1988 walikosa ujasiri. Tulisema mpango wenyewe ni mbovu, unamwomba mtu mdogo awe shujaa kila anapotaka tu kusema anachokiona.

Poka yenye majina, mbele ya mwenye mkataba, ni mlolongo uliozimiwa taa kwa sekunde kumi kisha zikawashwa.

Kuna dhambi ya pili, nayo ni kuzigeuza pointi kuwa sarafu. Pointi zilizaliwa ili watu waache kubishana kuhusu siku. Ron Jeffries, mwingine wa wale 17, ameeleza jinsi walivyoanza kwa kukadiria siku bora, yaani siku ambayo hakuna anayekusumbua, kisha wakizidisha kwa tatu kupata siku halisi. Wakubwa wakawa wanachanganyikiwa: inakuwaje kazi ya siku moja ichukue siku tatu? Ndipo wakaacha kusema siku, wakasema pointi. Jeffries huyohuyo ameandika miaka ya karibuni kwamba huenda ni yeye aliyezibuni, na kama ni yeye basi anajuta, akiona zinavyotumiwa kuwachapa watu.

Ana haki ya kujuta. Kwetu, meneja ana jedwali lake pembeni: pointi moja ni saa nne. Halisemi hadharani, lakini tumeliona skrini yake iliposhirikiwa kwa bahati mbaya. Kila mwisho wa duru ya wiki mbili tunaonyeshwa mchoro: timu yenu imefanya pointi 34, ile timu nyingine imefanya 51, kwani nyinyi mna shida gani? Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alishaonya mwaka 1975, akizungumzia sera za pesa, kwamba kipimo ukikigeuza kuwa rungu la kuongozea watu kinaacha kupima. Sisi hatukuhitaji mchumi. Duru iliyofuata tuliita kila 3 kuwa 5 na kila 5 kuwa 8, tukafanya pointi 52 kwa kazi ileile, na tukapongezwa kwa barua pepe. Hakuna aliyefanya kazi zaidi. Shilingi ilikuwa imeshuka thamani tu.

Najua majibu mtakayonipa. Nimeyasikia.

La kwanza: mteja anataka tarehe. Bila makadirio tutampa nini? Ni swali la haki, na sitalipuuza, maana mishahara yetu inatoka kwa mteja. Lakini nendeni kwa fundi nguo yeyote mzuri mtazame anavyokadiria. Ukimpelekea kitambaa, hatamki bei wala siku kabla hajakuuliza: ni ya harusi au ya kanisani? Ina bitana? Itadariziwa? Kitambaa kinaruka rangi? Fundi anayekwambia "kesho" kabla hajakunjua kitambaa ndiye utakayemfuata wiki tatu. Thamani ya makadirio iko kwenye yale maswali. Namba ni risiti tu ya mazungumzo. Mkimcheka mwenye swali mkabaki na namba, mmebaki na risiti ya bidhaa ambayo hamkununua, na hiyo ndiyo mnayompa mteja.

La pili: mkiachwa huru mtajiongezea, kila kitu kitakuwa 13. Wapo wavivu, sikatai, kama walivyo kila mahali. Lakini anayeogopa kuadhibiwa ndiye anayejiongezea. Tulipandisha 3 kuwa 5 kwa sababu ya ule mchoro, hatukupandisha kwa sababu ya uhuru. Ondoeni fimbo muone kama hatutasema ukweli.

La tatu, nalo hutoka kwa vijana wa teki wenyewe: basi tuuache mchezo wote, tukate kazi ziwe ndogondogo, tuhesabu zimekamilika ngapi kwa wiki. Huenda. Wanaofanya hivyo nimewaona wakipumua vizuri. Lakini hata kuikata kazi vipande kunahitaji mtu anayeweza kusema mbele ya wakubwa, "ngojeni, hii si moja, hizi ni nne." Ukiondoa karata na ukamwacha meneja na mdomo wake, hujaondoa kitu.

Basi ninachotaka ni hiki, na wala si kikubwa.

Asiyekuwa na karata asitoe namba, dokezo wala pumzi kabla karata hazijafunuliwa. Akisema "kitu kidogo," duru hiyo imeharibika, kazi iahirishwe.

Majina yafichwe. Kuna programu za aina hii zinazoruhusu, ni suala la kubonyeza tu. Msimamizi aulize, "aliyeona 13 aliona nini?" na mwenye kutaka kujitokeza ajitokeze, na asiyetaka aandike.

Namba kubwa isemwe kwanza, kabla ya ile ndogo, na isijibiwe na mtu yeyote mpaka imalize. Na alichokisema kiandikwe kwenye kazi yenyewe, kwa maneno, hata kama namba itakayobaki ni 3. Namba ya aliyepingwa isifutwe. Siku kitu kikivunjika tutahitaji kujua kama kuna mtu aliyetuambia.

Alama ya kuuliza iheshimiwe. Ina maana "sijui bado," nalo ni jibu la mtu mzima. Kwetu anayeitoa huulizwa kama amesoma maelezo.

Pointi zisigeuzwe saa, zisilinganishwe kati ya timu na timu, na zisiingie kwenye mjadala wa mkataba wa mtu. Zikiingia humo, chomeni meza hiyo ya kijani mturudishe kwenye amri za bosi, angalau tujue anayetuamuru ni nani.

Na kile kikombe cha kahawa, wajameni, mtu akikitoa mpeni mapumziko. Laiti ningekitoa mimi siku ile badala ya kumwambia binti wa watu aache kutisha watu.

Nilimtafuta mwezi uliopita. Yuko kwenye kampuni nyingine, bado anavunja programu za watu kabla hazijawavunja wenyewe. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, nikaufuta, nikaandika mfupi. Akajibu baada ya siku mbili: "Sawa kaka. Mliweka ile ya kuuliza jibu lisipokuja?"

Nikamwambia ndiyo, tuliweka Februari.

"Ilichukua muda gani?"

Nikaenda kuangalia kwenye rekodi kabla sijamjibu. Ilituchukua wiki tatu, watu wawili, na Jumamosi zote. Nilimtumia hivyohivyo, bila kupunguza. Hakunijibu tena, na sikutegemea anijibu.

Jumatatu iliyopita kiungo kilirushwa kama kawaida. Kazi ya nne ilikuwa ya kurudisha pesa kwa mzazi aliyelipa zaidi. Meneja akasema, "Hii ni kugeuza tu ile ya kwanza, si ndiyo?" Nikawasha maikrofoni nikasema duru imeharibika, tuiahirishe. Kukawa kimya. Halafu kijana mmoja mgeni, mwenye wiki tatu kazini, akaandika kwenye gumzo: "Naweza kuuliza kitu kuhusu hiyo?"

Bado tunamsubiri meneja aseme kama anaweza.